Imepitishwa na Kamati, Kwa Hiyo Tunyamaze?



Kuna jibu moja ambalo nimechoka kulisikia. Mtu akiuliza swali lolote kuhusu utafiti, kwa nini damu imechukuliwa chupa tano, kwa nini majina ya watoto yameandikwa, kwa nini majibu hayajarudi mpaka leo, anaambiwa: "Utafiti huu umepitishwa na kamati ya maadili ya chuo kikuu." Basi, mjadala umefungwa. Muulizaji anajiona mshamba, anaufyata, anaondoka na swali lake.

Mimi leo naufungua. Hoja yangu ni hii: kamati hizi, kwa jinsi zilivyoundwa, zinakagua karatasi na kukilinda chuo. Anayetoa damu yake analindwa pale tu ambapo kumlinda yeye kunakilinda na chuo. Na hali hiyo haitabadilika kwa kulalamika vijiweni, wala kwa kukataa utafiti. Itabadilika siku watu wa aina yetu watakapokaa kwenye viti vile wakiwa na kura.

Nasema haya kama muuguzi. Nina shahada yangu, na kazi yangu iko wodini, katika hospitali inayofundisha madaktari hapa Marekani. Fomu za ridhaa zinapita mbele ya macho yangu kila wiki. Sisemi kwa kusimuliwa.

Tuanze na chanzo cha kamati hizi, maana wengi wetu tunadhani zilizaliwa kutokana na huruma ya wasomi. Zilizaliwa kutokana na aibu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wenye ugonjwa hawakuambiwa wana nini. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipokuja na kuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa, kwa sababu waliokuwa wanawachunguza walitaka kuona ugonjwa unavyomla mtu mpaka kaburini.

Hiyo wengi mnaifahamu. Ambalo halisemwi sana ni kwamba mwaka 1969 kamati ilikaa. Ndiyo, kamati! Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kiliita jopo la madaktari, wakaulizwa kama utafiti ule uendelee au usimame. Wakajadili, na karibu wote wakakubaliana kwamba uendelee. Mle chumbani hakukuwa na mkulima hata mmoja kutoka Alabama. Hakukuwa na mke wa mgonjwa, wala mchungaji wa kanisa lao. Walikuwa madaktari wakiwahukumu madaktari wenzao. Utafiti ulikuja kusimamishwa mwaka 1972, baada ya mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa idara hiyo, Peter Buxtun, kuipeleka habari kwa waandishi. Kilichowaokoa waliobakia hai ni gazeti. Kamati ilikuwa imeshapitisha.

Ndipo mwaka 1974 Bunge la Marekani likatunga sheria, na kamati za maadili zikawa lazima kwa utafiti unaotumia fedha za serikali. Kwa hiyo sheria yenyewe ililetwa na jambo ambalo kamati ya wataalamu ilishindwa kuliona. Mkilishika hilo, yote nitakayosema chini yake hayatawashangaza.

Sasa, je, sheria ilipopita mambo yalinyooka? Twendeni Baltimore. Katika miaka ya 1990, taasisi moja ya watoto yenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iitwayo Kennedy Krieger, ilifanya utafiti kuhusu rangi za nyumba zenye madini ya risasi. Madini hayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Nyumba zilikuwa za mitaa ya maskini, ziliondolewa risasi kwa viwango tofauti, vingine pungufu, na familia zenye watoto wadogo zikaishi humo huku damu za watoto zikipimwa ili kujua ukarabati wa bei nafuu unatosha au hautoshi. Kwa lugha ya kwetu, mtoto ndiye aliyekuwa kipimo.

Kesi ilipofika mahakama ya juu ya jimbo la Maryland mwezi Agosti 2001, majaji hawakung'ata maneno. Walisema kamati ya chuo ililiacha jukumu lake, na badala yake ikawaonyesha watafiti namna ya kuuelezea utafiti ili wakwepe masharti magumu yanayowalinda watoto. Wakaongeza kwamba kamati za namna hii ni vyombo vya ndani ya nyumba yenyewe. Someni tena hapo. Aliyesema kwamba mlinzi ni mtoto wa mwenye nyumba ni mahakama, si mimi.

Mwaka huohuo wa 2001, mwezi Juni, katika chuo hichohicho, alifariki msichana wa miaka 24, mfanyakazi wa maabara aliyejitolea akiwa mzima wa afya. Alivutishwa kemikali ili wachunguze pumu. Makala za kitabibu za miaka ya 1950 zilikuwa zimeshaonya kwamba dawa ile inaweza kudhuru mapafu, lakini utafutaji uliofanywa kabla ya kuomba kibali haukuzifikia. Serikali ilipoingia kuchunguza ilikuta kwamba sehemu kubwa ya maombi mapya hayakuwa yakiwasilishwa moja moja wala kujadiliwa kwenye kikao cha wajumbe. Mwezi Julai ikasimamisha karibu utafiti wote wa chuo hicho uliotumia watu na fedha za serikali kuu. Hiki ni chuo kinachosifiwa dunia nzima! Kama pale mambo yalikuwa hivyo, wewe una uhakika gani na chuo cha mtaani kwako?

Wengine watasema hayo ni ya 2001, tangu hapo mambo yamebadilika. Ni kweli kuna yaliyobadilika. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zilirekebishwa, na toleo jipya lilianza kutumika mwaka 2019. Sasa fomu ya ridhaa inatakiwa ianze na muhtasari wa mambo muhimu, mtu asizamishwe kwenye kurasa za mawakili. Hilo nalipongeza. Lakini kiti ninachokizungumzia mimi hakijaguswa.

Kanuni inasema kamati iwe na wajumbe wasiopungua watano. Angalau mmoja awe mtu ambaye shughuli zake si za kisayansi, na angalau mmoja asiwe na uhusiano wowote na chuo, yeye wala familia yake ya karibu. Huyo wa mwisho ndiye jicho la watu wa nje. Sasa angalieni ujanja ulipo. Ili kikao kiwe halali, akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe, na lazima awepo yule asiye mwanasayansi. Yule wa nje ya chuo kanuni haimdai awepo. Akiumwa, kikao kinaendelea. Akikosa ruhusa kazini, kikao kinaendelea. Na asiye mwanasayansi anaweza kabisa kuwa wakili wa chuo au mkutubi wa chuo, analipwa mshahara na mwajiri yuleyule anayemlipa mtafiti. Kwa hiyo kamati ya wajumbe ishirini inaweza kukaa, kujadili damu yako na ya mwanao, ikapiga kura, bila mtu hata mmoja kutoka nje ya geti. Na itakuwa imefuata kanuni zote.

Kesi ya nyani ukimpa ngedere hakimu, unategemea hukumu gani?

Ndugu zangu wa nyumbani, msiseme haya ni ya Wamarekani huko kwao. Mwezi Machi 2000, jarida kubwa la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanyika Rakai, Uganda, jirani kabisa na Kagera yetu. Watafiti walikuwa na kumbukumbu za wanandoa 415 ambao mmoja ana VVU na mwenziwe hana. Walifuatiliwa hadi miezi 30. Katika muda huo, wenza 90 ambao hawakuwa na virusi waliambukizwa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kijijini. Wote walipewa ushauri nasaha, kondomu za bure na nafasi ya kujua majibu yao. Lakini mwenza ambaye hajaambukizwa hakuambiwa kwamba analala kitanda kimoja na ugonjwa, isipokuwa mwenye nao alipoamua kusema mwenyewe, kwani sera ya nchi ilikataza kutoa siri hiyo.

Nataka niwe mkweli: utafiti ule uliifundisha dunia jambo kubwa, kwamba virusi vikiwa vichache kwenye damu uwezekano wa kuambukiza unashuka sana. Leo mamilioni wananufaika na elimu hiyo, wakiwemo ndugu zetu. Lakini mhariri wa jarida lenyewe, Dk. Marcia Angell, aliandika katika toleo lilelile kwamba utafiti wa namna hiyo usingeweza kufanyika Marekani. Huko daktari angetakiwa kuwatibu aliowakuta na VVU na magonjwa ya zinaa, na katika majimbo mengi ingetakiwa wenza wao waarifiwe. Na je, kamati ziliupitisha? Ziliupitisha zote: ya Columbia, ya Johns Hopkins, na ya Uganda yenyewe. Mihuri mitatu!

Hapo ndipo wale wanaosema dawa ya matatizo haya ni "kuwa na kamati zetu za Kiafrika" wanapokwama. Tunazo. Tanzania mtafiti hagusi mgonjwa bila kibali cha maadili kutoka NIMR, na mgeni lazima apate na kibali cha COSTECH. Kenya wana NACOSTI. Vyombo vipo na wapo humo watu waadilifu sana. Lakini ukichukua muundo uleule, wataalamu wakiwakagua wataalamu wenzao waliosoma nao darasa moja na wanaoomba fedha kwa wafadhili walewale, ukaubandika jina la Kiswahili, haugeuki kuwa mtetezi wa mwanakijiji. Ngozi nyeusi ya mjumbe si uwakilishi wa mama wa Rakai. Uwakilishi ni mama wa Rakai kuwepo.

Nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni damu yenyewe baada ya kutoka mkononi.

Kabila la Havasupai ni Wahindi Wekundu wachache wanaoishi chini kabisa ya bonde la Grand Canyon, Arizona. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliwachukua damu watu zaidi ya 200. Wenyewe walielewa kwamba ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya pili. Fomu iliandikwa kwa maneno mapana, kwamba damu itatumika kuchunguza vyanzo vya maradhi ya tabia na ya mwili. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa kabila hilo, Carletta Tilousi, alihudhuria chuoni utetezi wa tasnifu ya mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, akasikia damu za watu wake zikijadiliwa kwa mambo yasiyohusiana na kisukari. Akainua mkono, akauliza: mlipewa ruhusa? Ikagundulika kwamba damu ile imetumika kuchunguza skizofrenia, ndoa za ndugu kwa ndugu, na madai kwamba mababu zao walihamia kutoka Asia, wakati wao imani yao inasema asili yao ni palepale bondeni. Wakawapiga marufuku watu wa chuo kukanyaga ardhi yao, wakafungua kesi. Mwezi Aprili 2010 chuo kikakubali kuwalipa watu 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Waliifuata wenyewe, wakaenda nayo nyumbani.

Chuo kile kilikuwa na kamati ya maadili. Aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa ni mwanamke aliyekaa kwenye viti vya wasikilizaji.

Sasa mtasema: baada ya fedheha hiyo sheria bila shaka ilikazwa. Hapana. Chini ya kanuni za serikali kuu ya Marekani, mtu anayelindwa ni yule anayeweza kutambulika. Damu yako ikiondolewa jina na kila kinachoweza kukutambulisha, anayeitumia hahesabiki kwamba anafanya utafiti kwa binadamu. Hahitaji ridhaa yako, wala hiyo kamati haimhusu. Mwaka 2015 serikali ilitoa pendekezo kwamba ridhaa itakiwe kwa sampuli zote hata zisizo na jina. Vyuo na watafiti wengi wakalipinga, na kanuni za mwisho zilipotangazwa mwezi Januari 2017 pendekezo lilikuwa limeng'olewa. Kilichobaki ni sentensi moja kwenye fomu ya utafiti, inayokuambia kama sampuli zako zinaweza kutumika baadaye bila kuulizwa tena au la. Yaani damu ikifutwa jina si mtu tena! Wahavasupai hawakulalamika kwamba majina yao yametajwa. Walilalamika kwamba kabila zima limesemwa bila wao kuulizwa. Kufuta jina hakufuti ukoo. Sisi watu wa koo na makabila tunalielewa hilo bila kufundishwa.

Nirudi kwenye Kiswahili chetu, maana hapa ndipo ninaposhuhudia kwa macho.

Marekani sasa ina maelfu ya wakimbizi wanaosema Kiswahili, wengi kutoka Kongo, na wengine Burundi. Wanajifungua, wanaumwa kisukari na presha, na hospitali za vyuo ndizo zinazowapokea. Kanuni inasema ridhaa itolewe kwa lugha anayoielewa mtu. Vizuri. Lakini inaruhusu pia njia ya mkato: mgonjwa anapewa waraka mfupi kwa lugha yake, unaosema kwamba ameelezwa yote kwa mdomo, kisha mkalimani anamsomea mengine, na shahidi anatia sahihi. Kwa hiyo fomu ya Kiingereza inaweza kuwa na kurasa ishirini, ya Kiswahili kurasa mbili. Mama wa Uvira anaenda nyumbani na hizo mbili za lugha yake. Akitaka kujua usiku kama ile sindano ya pili ni lazima, atasoma wapi?

Na hizo mbili zenyewe! Nimeona imeandikwa kwamba mgonjwa "atapangwa kwa bahati nasibu". Wengi tunajua bahati nasibu ni ya tiketi na zawadi, kwa hiyo mtu anaelewa kwamba ameshinda kitu. Nimeona dawa isiyo na kiungo chochote, ile wanayopewa wa kundi la kulinganishia, ikiitwa "dawa bandia". Kwa Mtanzania dawa bandia ni ile inayokamatwa na serikali na kuchomwa moto. Huyo aliyetafsiri hakumuuliza Mswahili yeyote, na kamati iliyopitisha haikuwa na wa kuligundua hilo. Waliona kuna karatasi ya Kiswahili, wakaweka alama ya vema.

Kuna na jingine ambalo watu wetu wasio na bima walijue kabla hawajaweka sahihi. Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomlazimisha mtafiti au chuo kumtibu bure mtu aliyedhurika kwenye utafiti, wala kumlipa fidia. Kinacholazimishwa, pale hatari inapozidi ya kawaida, ni fomu kusema kama fidia au matibabu yapo au hayapo. Ikisema hayapo, imetimiza wajibu wake. Kamati inakagua kama sentensi imo. Bili ikija, ni yako.

Na sisi wauguzi tusijitoe. Kule Tuskegee aliyewaunganisha madaktari na wale wanaume kwa miaka mingi alikuwa muuguzi mweusi, Eunice Rivers. Aliwapeleka kwa gari, aliwajua watoto wao, alikaa nao msibani. Wanaume wale hawakuwaamini madaktari kutoka Washington. Walimwamini yeye. Hivi ndivyo tunavyotumika mpaka leo: daktari anaeleza dakika tano, kisha mgonjwa anatugeukia, "Dada, wewe unasemaje, nisaini?" Na sisi hatujawahi kuulizwa na kamati yoyote kama fomu ile inaeleweka.

Najua nitajibiwa na makundi mawili. La kwanza watasema: "Ndiyo maana mimi sishiriki, hawa ni mumiani tu." Nasema hapana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria itumike kwa watoto wa Afrika. Chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya. Wazazi wa kule wangekimbia wote wakipiga yowe la mumiani, leo tungekuwa na nini? Utafiti usiotuhusisha unazaa dawa ambazo hazijajaribiwa kwa watu wetu. Anayetuambia tukatae kila kitu anatuachia maradhi, kisha anajiita mkombozi.

La pili ni wasomi wenzangu, watakaosema: "Dada, mwananchi wa kawaida ataelewa nini kuhusu itifaki ya kitabibu?" Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Mwananchi hatakiwi kukokotoa takwimu, hesabu hizo wanazo wenyewe. Anatakiwa kuuliza: mnachukua damu saa ngapi, wakati watu wanawahi zamu ya kiwandani? Dola hamsini hizo kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba ni shukrani au ni kumbana? Majibu mtamletea nani? Huko Kilifi, KEMRI na washirika wake wana wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, na fomu zinatafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Wanavijiji wale wanauliza maswali ambayo profesa hawezi kuyafikiria. Kasoro ni kwamba kazi yao ni kushauri. Kura bado iko kwa wengine.

Sasa tufanye nini? Mimi nadai haya, na kila mmoja wetu anaweza kuyadai kwa chuo kilicho karibu naye.

Kwanza, kikao kisichokuwa na mjumbe wa nje kisipige kura. Chuo hakihitaji kusubiri serikali ibadilishe kanuni. Kinaweza kujiwekea sharti hilo kesho asubuhi. Na utafiti ukilenga jamii fulani, wawe wawili kutoka jamii hiyo, maana mmoja peke yake mezani huishia kutikisa kichwa.

Pili, utafiti unaotafuta wasemaji wa Kiswahili uwe na fomu nzima ya Kiswahili, iliyosomwa kwanza na Mkongo, Mrundi na Mtanzania wa kawaida, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Waraka mfupi ubaki kwa dharura tu.

Tatu, kamati itoke ofisini. Kanuni inaipa mamlaka ya kutuma mtu akae na kutazama ridhaa inavyochukuliwa, na hata utafiti wenyewe unavyoendeshwa. Mamlaka hayo yapo kwenye maandishi. Katika miaka yangu yote wodini sijamwona hata mmoja aliyekuja kutazama.

Nne, sampuli zetu zisitumike kwa jambo jipya bila kurudi kuuliza, hata kama jina limefutwa. Wanaosema haiwezekani wawaulize Wahavasupai iliwagharimu chuo kiasi gani kutouliza.

Tano, fomu iseme kwa herufi kubwa, ukurasa wa kwanza, nani atalipa nikidhurika. Na jibu likiwa "wewe mwenyewe", kamati iukatae utafiti huo.

Kisha sisi wenyewe. Viongozi wetu wa jumuiya, makanisa na misikiti, nawaheshimu, lakini hili niliseme. Mtafiti anakuja na kadi za zawadi na chakula cha mchana, mnampa ukumbi na kipaza sauti baada ya ibada, mnawaambia waumini "hawa ni wenzetu, wapokeeni". Mmeisoma fomu? Mmeuliza sampuli zitakaa wapi na kwa miaka mingapi? Imani wanayowapa nyinyi waumini si yenu kuigawa kwa sahani ya pilau.

Na wewe unayesoma, wewe uliyesomea sheria halafu unabeba boksi, wewe mwalimu mstaafu, wewe mama uliyelea watoto sita na unajua kusoma: kila chuo kinachofanya utafiti kina ofisi ya kamati hii, na kanuni inakilazimisha kuwa na mjumbe wa nje. Waandikie. Waambie unaishi hapa, huna uhusiano na chuo, unakitaka kiti hicho. Watakuletea makabrasha mazito, usiogope. Pale usipoelewa, sema huelewi, kwa sababu kama wewe uliyekaa na karatasi wiki nzima huelewi, mgonjwa aliyepewa dakika kumi ataelewa vipi?

Mimi barua yangu nimeshaipeleka, na jibu bado nalisubiri. Hata nikikataliwa nitaandika tena, na ningependa barua ya pili isiwe ya kwangu peke yangu.

Naomba kuwasilisha.